Kuchora vyombo vya nyumbani kwa rangi za maji: maswali ninayoulizwa kila wiki

Kila Jumamosi mchana watu huja barazani kwangu hapa Bombo, watoto wa jirani, mama wawili wanaouza nyanya sokoni, kijana mmoja wa boda, tunakaa chini kwa mkeka tunachora vitu vya nyumbani kwa rangi za maji. Maswali wanayouliza ni yale yale, na wale wanaonitumia meseji kutoka Arua, Jinja na Kampala wanauliza hayo hayo, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Soma lile unalolitaka, si lazima ufuate mpangilio.

Mbona vyombo? Mbona tusichore simba, au ziwa, au jua linavyozama?

Kwa sababu simba hajakaa mbele yako. Ukisema nachora simba, ukweli ni kwamba unachora picha ya simba uliyoiona mahali, kwa tisheti ama kwa kalenda, na ile picha ilishachorwa na mtu mwingine, macho yaliyofanya kazi ni yake sio yako. Lakini sufuria la chai liko hapo kila asubuhi. Unajua uzito wake likiwa limejaa, unajua mkono upi umelegea, unajua ushike wapi usiungue. Hiyo ndo kujua ninayoitaka mimi, kujua ya mkono, maanake ikishuka kwa brashi inaonekana, mtu anatazama picha yako anasema hili sufuria ni zito.

Na usifikiri hii ni kazi ndogo ya watu waliokosa kitu cha kuchora. Mfaransa mmoja wa karne ya 18, Jean-Siméon Chardin, alichora pipa la shaba la kuwekea maji jikoni, chombo cha watumishi kabisa, miaka ya 1730, na leo picha hiyo iko makumbusho ya Louvre kule Paris. Yeye alitumia rangi za mafuta. Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, aliyefariki 1964, alirudia chupa na mikebe ile ile miaka na miaka, na rangi za maji pia alizitumia. Hata hapa kwetu, Margaret Trowell aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, shule ambayo mpaka leo ina jina lake, alikaa akatazama vyungu, vibuyu, vikapu na viti vya watu wa nchi hii, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann wakatoa kitabu kikubwa kuhusu vitu hivyo. Kibuyu cha maziwa cha bibi yako kilishaonekana kinastahili kutazamwa, ni sisi tu tunakipita.

Mimi ni Muislamu, kuchora si haramu?

Hili naulizwa sana hapa Bombo na nalichukulia kwa uzito. Wanazuoni wengi wanapokataza picha huzungumzia viumbe vyenye roho, watu na wanyama, na vitu visivyo na roho kama miti, nyumba, birika, mkeka, wengi wao hawana neno navyo. Mimi si sheikh, muulize sheikh wako utulie moyo. Ila najua wazee hapa ambao wasingemruhusu mtoto kuchora mtu lakini birika la udhu wamelisifu mpaka wakaomba libandikwe ukutani.

Nianze na kitu gani?

Kikombe cheupe cha enameli chenye ukingo wa bluu. Kama nyumbani hakuna, tumpeco ya rangi moja inatosha (hilo jina lenyewe limetoka kwa kampuni ya hapa Uganda iliyokuwa inatengeneza vyombo vya chuma na enameli, sasa hata kikombe cha plastiki watu wanakiita hivyo). Kina umbo rahisi, mdomo mmoja, mkono mmoja, na hakisogei.

Usianze na kawa la kufunikia chakula. Najua linavutia, mama zetu Wanubi wanasuka kawa zenye zambarau na kijani na waridi mpaka macho yanacheka, lakini ile misuko itakuchosha kabla hujajua maji yanavyokwenda kwa karatasi. Kawa ni la mwezi wako wa tatu wa kujifunza. Glasi tupu nayo iache kwanza.

Ninunue nini, na nianzie wapi kama pesa ni kidogo?

Pesa weka kwa karatasi. Hili nalirudia mpaka watu wamenichoka lakini ndo ukweli, rangi za bei rahisi kwenye karatasi nzuri zitakufundisha, rangi za bei kali kwenye karatasi mbaya zitakuliza. Tafuta iliyoandikwa gramu 300 kwa mita ya mraba, inauzwa kwa maduka ya vifaa vya sanaa Kampala. Shiti moja kubwa ikate vipande vinane, tumia pande zote mbili. Gramu 200 inavumilika ukichora kidogo kidogo.

Rangi sita tu: njano moja, nyekundu moja, altramarini yaani ile bluu ya kina, bluu nyingine inayoelekea kijani, okra yaani ile njano ya udongo, na banti siena, ile hudhurungi ya matofali. Nyeusi usinunue, nyeupe usinunue, nitaeleza chini. Brashi mbili za duara, moja namba 8 na nyingine namba 3 au 4, na ya 8 iwe na ncha inayorudi ukiilowesha. Sahani nyeupe ya udongo ndo ya kuchanganyia, ya plastiki maji yanakimbia yanajikusanya matone matone. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na moja lisichafuke. Kitambaa cha pamba, tisheti iliyozeeka ni nzuri kuliko tishu.

Rangi za maji zenyewe ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mti, ile gundi inayotoka kwa migunga, na nyingi ya dunia hii inatoka Sudan, si mbali na sisi. Ndo maana rangi ikikauka kwa sahani usiitupe, weka tone la maji, gundi inalainika tena, unaendelea.

Karatasi ya fotokopi si inatosha?

Kwa penseli ndiyo, kwa maji hapana. Ile ni gramu 80, ukiweka maji inajikunja kama majani ya chai, rangi inazama palepale ilipoguswa na huwezi kuisogeza. Mwanafunzi anajilaumu yeye kumbe kosa ni la karatasi. Mimi nilishauziwa pakiti nzima duka moja mjini, juu imeandikwa ni ya rangi za maji, ndani kumbe ni manila ya kawaida, nikakaa wiki mbili nafikiri mkono wangu umeharibika. Siku hizi naomba nipewe kipande cha pembeni, nakilowesha na kidole palepale dukani nahesabu mpaka ishirini. Ile unyevu ikikaa juu inang'aa, nzuri. Ikinyonywa hapo hapo, narudisha.

Unasema tusinunue nyeupe, sasa nyeupe inatoka wapi?

Ni karatasi yenyewe. Hili likikuingia, nusu ya kazi imeisha. Rangi za maji zinapitisha mwanga, mwanga unaingia unagonga karatasi unarudi kwako, kwa hiyo pale palipo peupe ndo pale ambapo hukugusa. Unaanza na nyepesi unakwenda nzito, hurudi nyuma. Ni kinyume na mtu anayepaka ukuta. Kabla hujachovya brashi uliza, wapi sitagusa? Weka alama ndogo sana ya penseli hapo. Ule mng'ao mdogo kwa bega la birika, ukishaufunika na rangi umekwenda, unaweza kuuchokora baadaye lakini hautakuwa ule.

Nionyeshe hatua kwa hatua, hicho kikombe.

Haya. Weka kikombe kwa meza karibu na dirisha, mwanga uje kutoka kushoto, zima taa ya umeme ili usiwe na vivuli viwili. Kaa, kitazame dakika tano bila kushika kitu. Mimi naziweka kwa simu hizo dakika, kwa sababu ya kwanza inapita haraka, ya tatu unaboeka, na ya nne ndo unaanza kuona. Utaona kikombe cheupe si cheupe. Upande wa kulia una kijivu cha bluu. Chini karibu na meza kuna wekundu kidogo kama kitambaa cha meza ni chekundu, kwa sababu kitambaa kinarusha rangi yake juu. Alafu tazama ndani ya kikombe: kivuli kimehama! Nje kivuli kiko kulia, ndani kiko kushoto, maana mwanga unaruka ukingo wa kushoto unakwenda kugonga ukuta wa ndani wa kulia. Watu karibu wote wanachora vivuli vyote viwili upande mmoja na kikombe kinaonekana kimekufa.

Chora kwa penseli HB, mistari myepesi, usikandamize, karatasi ikikwaruzwa rangi itaonyesha mkwaruzo. Changanya altramarini nyingi kidogo na banti siena kidogo, maji mengi, utapata kijivu. Jaribu kwa kipande cha pembeni, na kumbuka rangi ikikauka inafifia, kwa hiyo inayoonekana sawa ikiwa mbichi itakuwa nyepesi mno ikikauka.

Sasa paka ukanda mmoja wa kijivu upande wa kulia wa kikombe, kutoka juu mpaka chini, mara moja, usirudi. Haraka osha brashi, ikamue kwa kitambaa ibaki na unyevu tu, pitisha kwenye ukingo wa kushoto wa ule ukanda. Rangi itatembea yenyewe ndani ya unyevu, itafifia, na mahali inapoisha hutaona mstari. Hapo kikombe kimekuwa duara. Nakumbuka mara ya kwanza ilivyonitokea nilinyamaza kabisa.

Ikiwa bado mbichi gusa chini kwa tone la nyekundu nyepesi, ule wekundu wa kitambaa. Acha ikauke. Ndani ya kikombe fanya hivyo hivyo upande wa kushoto. Kivuli cha mezani kinakuwa kizito sana pale kinapogusa kitako, alafu kinalainika kikienda mbali. Ukingo wa bluu mwishoni, kwa ncha ya brashi ndogo, na pale mwanga unapogonga ukate mstari, acha nafasi tupu kama punje ya mchele. Na pale enameli ilipobanduka chuma kikaonekana, changanya bluu na banti siena nzito, karibu bila maji, weka nukta moja, ncha zake ziwe kali. Hiyo nukta moja inamwambia mtu kikombe hiki kimeanguka, kimetumika.

Mwisho paka ukuta wa nyuma rangi nzito kidogo. Kikombe cheupe kinaonekana kwa sababu ya kilicho nyuma yake, ukiacha nyuma peupe kitapotea.

Jerikani yangu ya njano kila nikiweka kivuli inakuwa kijani. Mbona?

Kwa sababu umeweka nyeusi. Nyeusi nyingi za kwenye boksi zinaelekea bluu, na bluu ukiichanganya na njano unapata kijani, hata mtoto anajua. Njano ndo rangi ngumu kuliko zote kuipa kivuli, kwa sababu yenyewe ni nyepesi mno, ukiiongeza njano juu ya njano haiwi nzito, inabaki njano tu.

Mimi nafanya hivi. Tabaka la kwanza njano nyembamba jerikani nzima, isipokuwa mng'ao kwa bega na juu ya mkono. Ikauke kabisa, ukigusa kwa nyuma ya kiganja isiwe baridi, ikiwa baridi bado ina maji. Tabaka la pili njano iliyotiwa okra kwa upande ulio mbali na mwanga. La tatu okra na banti siena kwa kivuli chenyewe, na kule ndani chini ya mkono, banti siena yenye zambarau kidogo sana, zambarau inaipooza njano bila kuigeuza kijani. Chini weka ule udongo mwekundu, kila jerikani inayokwenda kisimani ina ule mstari wa murram kwenye kitako.

Lakini kitu kinachonifanya nisichoke na jerikani ni hiki. Ijaze maji nusu, iweke juani asubuhi, plastiki inapitisha mwanga, utaona mstari wa maji ndani, juu ya mstari njano inang'aa na chini imetulia. Alafu tazama kivuli chake kwa ardhi. Katikati ya kivuli kuna mwanga wa njano, kama kuna taa humo. Ni jua limepita ndani ya maji likatoka upande wa pili. Nimetembea na lita ishirini kichwani utoto wangu wote na sikuwahi kuuona ule mwanga mpaka siku niliyokaa na brashi. Kuupata, paka kivuli kwa kijivu-zambarau kikiwa kibichi, nyonya katikati kwa brashi kavu, kikikauka weka njano safi hapo.

Na sufuria lenye masizi? Sigiri, yaani jiko la makaa? Huna nyeusi utafanyaje?

Altramarini na banti siena, nzito, maji kidogo. Hiyo inakupa weusi unaoishi, ukiongeza bluu unakuwa wa baridi, ukiongeza banti siena unakuwa wa moto, na masizi ya sufuria yana yote mawili. Nyeusi ya tyubu inakaa kama shimo.

Sufuria usilioshe kabla ya kulichora. Shemeji yangu alikuwa ananisugulia kwa mchanga kwa kuniheshimu, nikamwambia dada acha, hapo ulipofuta ndo nilipotaka. Kwa sababu uzuri uko kwenye mpaka, pale masizi yanapoishia na alumini inaanza. Masizi yanameza mwanga wote, alumini inarusha kila kitu, ukivaa gauni jekundu utajiona hapo kama ukanda mwekundu. Kwa masizi tumia brashi kavu, uiburute kwa ubavu, ishike vinundu vya karatasi iache vitundu vyeupe. Kwa alumini paka vipande vyenye ncha kali, vyeusi karibu na vyeupe, bila kulainisha katikati. Chuma kinang'aa kwa sababu ya kuruka kwa ghafla kutoka giza kwenda mwanga, ukilainisha kinakuwa udongo.

Sigiri za Katwe kule Kampala, zile zinazogongwa kwa mabati ya zamani, wakati mwingine bado zina herufi za kopo lililotangulia, chora hizo herufi. Makaa yakiwaka: njano kwanza, ikiwa mbichi zungushia rangi ya chungwa, acha zichanganyike, zikikauka ndo uweke weusi pembeni. Ukianza na weusi moto hauwaki.

Mdomo wa chombo unanikataa, unakuwa kama jicho.

Ule mviringo unaitwa duaradufu, na pembe zake mbili hazina ncha kamwe, ni za duara hata kama zimebanwa. Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba kitako cha chombo kina duara nene kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya macho yako, unakiona zaidi kutoka juu. Watu wanachora mdomo vizuri alafu kitako wanapiga mstari ulionyooka kwa kuwa meza imenyooka. Pima kwa penseli, nyoosha mkono, funga jicho moja, mdomo una upana gani na urefu gani. Alafu geuza karatasi juu chini, kosa litajitokeza lenyewe.

Mwanga gani mzuri? Vitabu vinasema dirisha la kaskazini.

Hivyo vitabu viliandikwa kwa Ulaya. Kule jua halipiti kaskazini kwa hiyo dirisha la kaskazini lina mwanga uliotulia mwaka mzima. Sisi tuko kwenye ikweta karibu kabisa, mstari unapita Kayabwe barabara ya Masaka, na hapa jua linakuwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka, na upande wa kusini Desemba. Kwa hiyo Juni mimi nahamia dirisha la kusini, Desemba narudi la kaskazini, nakimbia jua kali. Kama una dirisha moja tu ning'iniza shuka jeupe.

Saa nzuri ni saa mbili mpaka saa nne asubuhi, na saa kumi jioni. Saa sita mchana vivuli vinajificha chini ya vitu, hasa Machi na Septemba, huna cha kuchora. Na jua linatembea, kivuli ulichokianza saa mbili saa tatu kimehama, kwa hiyo zungushia kivuli mstari wa penseli mwanzoni alafu ukae nacho hicho hicho hata kama cha kweli kimeondoka.

Umeme ukikatika usikasirike. Washa tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, weka limau na kisu mbele yake. Rangi mbili zinatosha. Ila ujue kwa mwanga ule rangi utaziona vibaya, njano utaiona kama nyeupe, kwa hiyo zipange sahani mapema mchana.

Rangi yangu haikauki / inakauka mno.

Inategemea msimu. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba hewa ina maji, tabaka linaweza kuchukua nusu saa, kuwa na picha mbili kwa pamoja ubadilishane. Usikaushe kwa sigiri, vumbi la makaa litatua juu na halitoki. Kiangazi ni kinyume, kila kitu kinakauka kabla hujalainisha, basi lowesha kwanza karatasi kwa maji matupu sehemu unayotaka kufanyia kazi. Na ukidondosha maji kwenye rangi iliyokauka nusu yatasukuma rangi pembeni itoke kama kabichi iliyofunguka. Kwa ukuta mzee nyuma ya chungu naitaka hiyo. Kwa kikombe siitaki.

Nikikosea?

Ikiwa mbichi nyonya kwa brashi iliyokamuliwa. Ikiwa kavu lowesha kwa maji safi, hesabu kumi, bonyeza kitambaa, usisugue. Altramarini na okra zinatoka vizuri, zile bluu za kijani zinang'ang'ania karatasi hazitoki zote. Kikubwa usirudierudie pale pale, tabaka tatu, nne, zaidi ya hapo inakuwa matope.

Glasi na chupa je?

Hauchori glasi, unachora kinachoonekana kupitia glasi, kimepinda kidogo. Acha mng'ao mmoja mkali mweupe na weka mstari mmoja mzito kwenye kitako. Basi.

Naweza kuchora kutoka kwa picha ya simu?

Unaweza ukiwa huna njia, ila simu inafanya vivuli viwe vyeusi tii na vyeupe viwe tupu, rangi zote za katikati inazila. Na tena jicho moja la simu halijui kitu kiko mbali gani. Kikombe kiko mezani kwako, mbona upige picha?

Watoto wanaweza?

Wanaweza sana, na wanaona mambo tusiyoyaona. Rangi za shule za watoto zilizoandikwa hazina sumu ndo wape hao, zile za wakubwa zingine zina kadimiamu. Mtu yeyote, mkubwa ama mdogo, asilambe brashi kutengeneza ncha, hiyo tabia nawaambia kila Jumamosi. Makopo ya rangi yasiwe vikombe vya chai.

Nihifadhi wapi picha zangu?

Zilaze bapa ndani ya faili, juu ya rafu, sio chini, mchwa wanapenda karatasi ya pamba kama sisi tunavyopenda matoke. Ukutani weka nyuma ya kioo na jua lisiigonge moja kwa moja, rangi nyekundu za bei rahisi hasa zinafifia ndani ya miezi. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli tarehe, saa, na chombo ni cha nani.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Birika la bibi yangu, lile la bati lenye mdomo uliounganishwa kwa risasi ya kulehemu mara mbili, lilichukuliwa na watu wa chuma chakavu siku moja hakuna mtu nyumbani aliyefikiri lina maana. Nina picha yake saizi ya A5, nyuma nimeandika asubuhi, saa tatu kasoro, birika la bibi, lina chai.

Nichore kitu kile kile mara ngapi?

Kila mtu anataka nimpe namba. Mimi kila mwezi nachora jerikani ile ile, sasa ni mwaka wa nne, na hazifanani, kwa sababu yenyewe inabadilika, inafifia juani, inapasuka mkono, inapata alama mpya. Mwezi uliopita kifuniko kilipotea kisimani na watoto wakaziba mdomo kwa kidole cha matoke kibichi, na sasa nina kijani juu ya njano, tena kijani cha kweli sio kile cha kivuli kilichoharibika. Nimekwishaichora mara mbili na ile ndizi imeanza kuwa nyeusi nchani, kwa hiyo kesho asubuhi narudi tena kabla hawajaitupa.